Jiwe Lina Historia, Udongo Una Mila

Dar es Salaam ina makumbusho mawili ambayo mtu akiyatembelea kwa siku moja anaweza kuyasoma kama sura mbili za kitabu kimoja. Ya kwanza ni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya mji. Humo ndimo inamokaa Kilwa: sarafu za shaba zenye majina ya masultani, vigae vya kauri kutoka China, habari za misikiti na makasri. Ya pili ni Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, wilayani Kinondoni, ambacho jina lake limegeuka kituo cha daladala, hata watu wengi hulitaja kila siku bila kuwahi kuingia. Humo kuna nyumba za makabila ya Tanzania zilizojengwa kwa miti, udongo, nyasi na makuti. Nyumba ya Mzaramo ipo, na Mzaramo ndiye mwenyeji wa ardhi ambayo makumbusho yote mawili yamesimama juu yake.

Angalia jinsi kila upande ulivyotambulishwa. Kilwa imepewa karne. Nyumba ya Mzaramo imepewa kabila. Ukisimama mbele ya sarafu unaambiwa lini. Ukisimama mbele ya ukuta wa udongo unaambiwa nani, na lini haiulizwi, kana kwamba nyumba hiyo ilikuwapo tangu milele na haikupitia mabadiliko yoyote. Sidhani kuna mtu aliyekaa mezani akaamua iwe hivyo. Ni mazoea ya usomaji tuliyoyarithi: kilichojengwa kwa jiwe tunakiita historia, kilichojengwa kwa udongo tunakiita mila. Nataka kuyafuata mazoea hayo katika maandishi makuu yanayotueleza maisha ya miji ya kale ya pwani, kwa sababu naona yanatufanya tusome vibaya hata maandishi yenyewe.

Tuanze na Tarikhi ya Kilwa, inayopatikana katika sura tatu. Ya kwanza ni ya Kiarabu, Kitab al-Sulwa, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 16. Ya pili ni ya Kireno, ndani ya kitabu cha João de Barros kilichotoka mwaka 1552. Ya tatu ni ya Kiswahili, iliyochapwa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1907 kutokana na masimulizi ya wenyeji. Wengi tunakijua kisa chake kikuu hata kama hatujasoma sura yoyote kati ya hizo: mgeni kutoka Shiraz anafika kwa jahazi, anakinunua kisiwa kwa nguo, na mwenye kisiwa anahamia bara. Darasani kisa hicho hufundishwa kama cheti cha kuzaliwa cha mji. Aliandika nani, kwa ajili ya nani, na matoleo yanatofautiana wapi, hayo mara nyingi huachwa.

Nayo yanatofautiana mahali pazito. Katika sura ya Kiarabu, wageni wanapofika wanamkuta kisiwani Mwislamu na familia yake, na msikiti. Yeye ndiye anayewatafsiria, na ndiye anayewaambia kwamba mfalme wa bara yuko mawindoni na atarudi. Kwa hiyo andiko lenyewe linalotumiwa kuthibitisha kwamba mji na dini vililetwa na jahazi linakiri kwamba jahazi lilivikuta vyote viwili, mwenyeji wa kuongea naye na mahali pa kuswali. Ni mistari michache tu, na ni rahisi kuiruka ukiwa na haraka ya kufika kwenye masultani.

Halafu kuna suala la mwanamke. Sura ya Kiarabu inahesabu baba na mwana, kiti kwa kiti, na mama hawana nafasi. Barros, Mreno ambaye hakuwa na sababu ya kuwapendelea watu wa Kilwa, anasema Ali mwanzilishi alizaliwa na mtumwa wa Kihabeshi, na kwamba ndugu zake walimdharau kwa sababu ya mama huyo. Sura ya Kiswahili ndiyo inayokwenda mbali zaidi. Mgeni anampa Mzee Mrimba zawadi, kisha anaomba kumwoa binti yake, na anakubaliwa. Kisiwa kinauzwa ndani ya ndoa. Nguo zinatandikwa ili mkwe apite juu yake kwenda bara. Na mtoto wa binti huyo ndiye anayekuja baadaye kupokea himaya kutoka kwa babu yake mzaa mama.

Visa hivi si kimoja, ingawa vinafanana. Katika cha Kiarabu Kilwa ni mali iliyonunuliwa. Katika cha Kiswahili Kilwa ni urithi uliopita kwa mama, na biashara ya nguo inakaa kama mahari, au kama fidia kwa mzee anayeondoka. Waliosimulia kwa Kiswahili walikuwa wanajibu swali ambalo mwandishi wa Kiarabu hakuliona kuwa swali: huyu mgeni alipata wapi haki ya kutawala watu wa hapa? Jibu lao ni kwamba hakuipata yeye. Aliipata mwanawe, kwa sababu ya mama yake. Hata hivyo, ukimwuliza mwanafunzi wa sekondari akuambie kisa cha kuanzishwa kwa Kilwa, atakutajia Ali na nguo zake. Binti Mrimba hatamtaja.

Ndiyo maana nilisikitishwa na namna vyombo vya habari vilivyopokea utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Nature mwezi Machi 2023. Watafiti walipima mabaki ya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo, kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Walikuta kwamba wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, iliyopitia hasa kwa wanawake, na sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, hasa Uajemi, iliyopitia hasa kwa wanaume. Kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Habari zilizosambaa zilisema kwa furaha kwamba Tarikhi ya Kilwa imethibitishwa.

Imethibitishwa ipi? Kama ni ile ya Kiarabu, yenye orodha ya wanaume peke yao, basi utafiti umethibitisha nusu yake na kuonyesha kilichofutwa katika nusu nyingine. Inayokaribiana zaidi na matokeo hayo ni ile ya Kiswahili, ambayo kwa miaka mingi imechukuliwa kuwa ngano ya wazee: mgeni mwanamume, mwenyeji mwanamke, na watoto wanaolelewa katika lugha ya mama. Hili la lugha ni la kuwekea mkazo. Watoto hao walizungumza Kiswahili, lugha ya Kibantu, na kukiendeleza hadi kikafika kwetu. Lugha ya Ali haikushika. Kuna jambo lingine la kukumbuka pia. Waliopimwa wengi walizikwa karibu na misikiti, penye makaburi ya kujengwa, mahali pa heshima. Aliyezikwa kando, bila jiwe, ana nafasi ndogo ya kuingia katika hesabu. Jiwe huchuja hata ushahidi wa maabara.

Sasa Ibn Battuta. Alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultan al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Kila kitabu cha utalii kinamnukuu akisema Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Sentensi inayofuata hunukuliwa mara chache: kwamba mji umejengwa kwa miti, na mapaa yake ni ya matete. Wafasiri na wanahistoria wamehangaika nayo. Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwapo, na sehemu yake ya kale inarudi hadi karne ya 11. Kasri la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la pembe nane ni la zama za sultani huyohuyo. Je, mwandishi alikosea? Alichanganya Kilwa na Mombasa, ambako pia anataja misikiti ya miti?

Inawezekana. Kumbukumbu zake ziliandikwa miaka mingi baada ya safari. Lakini naomba tuichukue sentensi hiyo kwa uzito kabla ya kuisahihisha. Kwa nini tunadhani mji wa miti hauwezi kuwa mji mzuri? Mtu huyu alikuwa ameiona Cairo na Damascus. Hakuwa mtu wa kushangazwa na ukuta. Kama sehemu kubwa ya Kilwa ilikuwa nyumba za miti na udongo zilizoezekwa, na mawe yalikuwa machache katikati yake, basi alichokisifu ni mji ule kama alivyouona. Tumechukua sifa tukawapa mawe, halafu tukasema mwenye sifa amekosea kuhusu vifaa vya ujenzi.

Katika andiko hilohilo kuna kisa cha ukarimu wa sultani. Baada ya swala ya Ijumaa, fakiri kutoka Yemen anamwomba nguo alizovaa. Sultani anaingia ndani, anabadilisha, anampa. Mwanawe anazikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi. Sultani, akisikia jinsi watu walivyolisifu tendo lile, anaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa husimuliwa kama mfano wa uongozi mwema, na hata kwa kipimo cha wakati wake kiliandikwa hivyo. Lakini hesabu: watu ishirini wamebadilishana mikono katika aya moja, na hakuna hata mmoja mwenye jina, umri wala mahali alipotoka. Ibn Battuta mwenyewe anataja mashambulizi ya sultani dhidi ya watu wa bara na namna ngawira ilivyogawanywa. Hatuhitaji kukisia sana watu hao ishirini walipatikanaje. Anayetaka kuandika juu ya maisha na jamii ya Kilwa, na si juu ya tabia za mfalme, aya yake ya kuanzia ni hii.

Wanaakiolojia nao wamekuwa na safari yao. Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha majuzuu mawili mwaka 1974. Kichwa cha kazi yake kinauita mji huo mji wa biashara wa Kiislamu, na mpangilio wake unafuata majengo na nasaba. Lakini kazi nzuri huwa na vitu ambavyo hoja yake yenyewe haikuvihitaji. Katika tabaka za chini kabisa, za karne ya 9 hivi na kuendelea, Chittick alikuta nyumba za udongo, dalili za kufua chuma, na vyungu vya kienyeji. Katika tabaka za juu alikuta vile vigurudumu vidogo vya kusokotea uzi wa pamba, vingi vikiwa vimechongwa kutoka vigae vya vyungu vilivyovunjika. Weka jambo hili kando ya Tarikhi. Kisa kinasema nguo zilikuja na jahazi. Udongo unasema watu wa Kilwa walikuwa wakisokota uzi wao wenyewe, na kwamba chungu kikivunjika hakikutupwa.

Huko Shanga, katika funguvisiwa la Lamu, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa midogo ya miti na udongo, ya karne ya 8. Songo Mnara, kuanzia mwaka 2009, Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walipima ardhi ya wazi kati ya nyumba za mawe, ardhi ambayo kwenye ramani za zamani ilikuwa nyeupe tu, wakakuta mabaki ya nyumba za udongo. Mji ambao wageni wanauona kama mkusanyiko wa nyumba za matajiri ulikuwa na majirani wa udongo hatua chache kutoka mlangoni. Walikuwa nani? Watumwa, mafundi, ndugu maskini, wapangaji, wake wa nyumba ya pili? Nyumba haisemi moja kwa moja, na haifai kudhani kwamba kila ukuta wa udongo ulimficha mnyonge. Ila sasa swali lina mahali pa kukaa.

Kuna jibu la kawaida kwa lawama kama hizi: udongo huoza, jiwe hubaki, na makumbusho huonyesha kilichobaki. Jibu hilo lina ukweli wake. Lakini tazama Amerika ya Kati. Kwa muda mrefu Wamaya nao walielezwa kwa mapiramidi, wafalme na nyota. Kisha huko El Salvador, mwaka 1976, kazi za tingatinga zilifichua Joya de Cerén, kijiji cha wakulima kilichofunikwa na majivu ya volkano karibu na mwaka 600. Chini ya majivu kulikuwa na nyumba za udongo, vyakula ghalani, na matuta ya bustani. Leo kijiji hicho kiko katika Urithi wa Dunia pamoja na mahekalu. Bahati ya majivu ni moja, na sisi hatukuipata. Lakini Shanga na Songo Mnara zinaonyesha kwamba hata bila majivu udongo unasomeka, mradi mtu aamue kuusoma.

Na hata jiwe lenyewe, ukilisoma kwa makini, linakurudisha kwa watu wa udongo. Tumbawe la baharini huchongwa likiwa bichi na laini, kabla halijakauka likakaza. Kwa hiyo lazima mtu aingie majini kulikata. Chokaa hupatikana kwa kupanga magogo, kuweka mawe juu yake na kuchoma. Nyuma ya kila ukuta mweupe kuna msitu uliokatwa na watu walioubeba. Vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba kwa sababu dari zilishikwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko una urefu wake. Mkata mikoko, aliyesimama kwenye tope hadi magotini, ndiye aliyempangia sultani upana wa chumba chake cha kulala.

Haya si mambo ya Kilwa peke yake. Kunduchi, ndani ya Kinondoni hiihii, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo katikati ya mibuyu. Bakuli za Kichina zilipachikwa kwenye nguzo hizo, na penye bakuli zilizong'olewa yamebaki mashimo ya duara. Anayekwenda kule huambiwa habari za kauri na nchi ilikotoka. Si mbali na hapo, Mtongani, kwa miaka mingi wanawake na wanaume wamekaa wakiponda kokoto kwa nyundo, jiwe moja baada ya jingine, ili sisi wa mjini tujenge. Nimesoma maelezo mengi juu ya makaburi ya Kunduchi. Sijakutana na hata moja linaloona kwamba anayeponda jiwe leo angeweza kutusaidia kumfikiria aliyelichonga jana: ujira wake, mgongo wake, vumbi kifuani mwake.

Upande wa pili wa jiji, Barabara ya Kilwa inakatiza Temeke, inapita Mtoni hadi Mbagala. Ni jina tunalolitamka kuliko yote yanayohusu historia ya pwani, na huwa tunalitamka tukiulizia foleni. Kandokando yake bado zipo nyumba tunazoziita za Kiswahili: korido katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma ambako wapangaji hupika, hufua, hugombana na hupatana. Za zamani zilikandikwa udongo, na zilizofuata zikajengwa kwa matofali ya saruji kwa ramani ileile. Sidai kwamba nyumba ya Temeke ni mjukuu wa moja kwa moja wa nyumba ya Songo Mnara. Kati yao kuna karne nyingi, uhamiaji mwingi, na ramani za wakoloni. Nasema tu kwamba zinasomwa kwa macho yaleyale. Ile ya kale ilikuwa nafasi nyeupe kwenye ramani. Hii ya sasa huitwa makazi holela, na likija tingatinga hakuna anayeuliza nini kinachopaswa kuandikwa kabla haijalala chini. Kaburi la Kunduchi lina sheria inayolilinda. Uani wa Temeke, ulikolelewa nusu ya jiji hili, hauna hata picha ya kumbukumbu katika kabati la makumbusho.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Kuta zimeshikiliwa, na hilo ni jambo jema. Kinachobaki ni maneno, na maneno ni rahisi kuliko chokaa. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linaweza kuanza kwa kuweka sura mbili za Tarikhi ubavuni, ya Kiarabu na ya Kiswahili, na kumwuliza mwanafunzi nani ameachwa nje ya kila moja. Kijiji cha Makumbusho kinaweza kuiwekea nyumba ya Mzaramo tarehe: ilijengwa hivi lini, udongo ulianza kuachwa lini, bati liliingia lini. Na Makumbusho ya Taifa, karibu na sarafu ya sultani, yanaweza kuweka kigae kimoja cha chungu kilichotobolewa katikati, na kadi ndogo yenye maneno haya: kifaa cha kusokotea pamba, Kilwa, kimetengenezwa kutokana na chungu kilichovunjika, mtumiaji wake hajulikani kwa jina.